Kiboksi Kisichoitikia Shikamoo

Nilisikia kucha kabla sijaona mkono. Krr, kimya, krr. Zilikuwa zinapita juu ya mbao kutoka chini kwenda juu, polepole, bila hasira. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba moja Magomeni, Mtwara, saa tatu asubuhi, mkoba wa vifaa begani, na mlango uliokuwa mbele yangu ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Nikadhani ni kuku aliyefungiwa kwa bahati mbaya. Nikapiga hodi. Kucha zikanyamaza. Halafu sauti ya mwanamke, mtu mzima kabisa, ikanijia kupitia ufa wa mbao karibu na sikio langu.

"Shikamoo."

"Marahaba," nikasema.

Kucha zikaanza tena, mara hii haraka haraka, kama mtu anayecheka kwa vidole.

Huyo alikuwa Somoe. Alikuwa na miaka thelathini na minane, haoni tangu utotoni, na akili yake ilikwenda kwa mwendo wake yenyewe, mwendo wa mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa na hataki kumwaga. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa shambani kwenye mikorosho. Ufunguo alikuwa nao huko, ameufunga kwenye ncha ya kanga. Nilikaa kizingitini hadi aliporudi mchana, na muda wote huo mimi na Somoe tulizungumza kupitia mbao. Aliniuliza jina langu mara kumi na moja. Kila nilipolitaja, alilipokea kama jipya.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi niliyoiacha, kazi ya kuwatengenezea watu wazima wenye ulemavu vifaa vya kuwasaidia kuishi siku yao. Mna simu zinazosoma barua kwa sauti na kuwaambia wasioona rangi ya shati walilovaa. Nazipenda simu hizo. Mwanangu amenionyesha moja, nikaielekeza kwenye sahani ya ugali na samaki ikaniambia ni ugali na samaki, nikafurahi kama mtoto ingawa ugali na samaki nilikuwa nauona. Sitawaambia kwamba zamani tulifanya vizuri zaidi. Zamani tulikosea sana, na makosa mengine ni yangu kwa jina. Nataka tu kuwaeleza yale ambayo simu haitawaambia.

Mimi nilikuwa seremala wa Ufukoni. Nilitengeneza vitanda, nilitengeneza milango, na jioni nilifungua redio za watu nikazifunga tena zikiwa bora kidogo au mbovu kidogo. Siku moja kituo cha kutwa cha watu wenye ulemavu kiliniita nirekebishe meza inayoyumba. Nilipomaliza meza, mtu mmoja akaniuliza kama ninaweza kumtengenezea kijiko kisichomwaga uji. Nikakaa zaidi ya miaka ishirini.

Kituoni walikuja wasioona, na walikuja wale ambao akili zao zinajifunza taratibu. Na walikuwapo waliokuwa na yote mawili. Hawa ndio waliokuwa wakirudishwa nyumbani kutoka kila mahali. Wanaofundisha wasioona walisema hawa hawaelewi, na wanaofundisha wasioelewa haraka walisema hawa hawaoni. Wakabaki chumbani, kwenye mkeka, wakizeeka.

Mtu aliyenifundisha kazi hakuwa fundi. Alikuwa Mwalimu Mchopa, asiyeona mwenyewe, aliyefundisha wenzake kutembea kwa fimbo nyeupe. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea Mtwara nzima kwa kasi iliyonichosha mimi mwenye macho. Kila nilipotengeneza kitu alikuja kibandani kwangu, akakishika kwa vidole vyote kumi, akakinusa, akauliza swali moja.

"Hiki ni cha nani?"

Mwanzoni nilijibu kwamba ni cha wasioona. Alikirudisha mkononi mwangu bila neno. Nikajibu kwamba ni cha watu wenye akili nzito. Akakirudisha. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba alitaka jina la mtu.

Mfano wa jambo hilo ni huu. Mgeni mmoja alituletea fimbo ya ajabu, fimbo inayolia yenyewe ikikaribia kitu. Ukuta, inalia. Mti, inalia. Tulipiga makofi. Tukampa Athumani, mwanamume wa Ufukoni mwenye umri kama wangu, asiyeona, mcheshi, aliyekuwa akipenda kwenda pwani asubuhi kusikiliza bei za samaki. Ufukoni, vijana, kila kitu kiko karibu na kila kitu. Mihogo imeanikwa njiani, mbuzi amelala katikati, baiskeli imeegemezwa, watoto wanapita. Fimbo ililia kutoka mlangoni kwake mpaka pwani bila kupumua. Athumani alisema ilikuwa kama kutembea na mgeni anayeshangaa kila kitu. Mwezi uliofuata nilikwenda kumtazama. Fimbo ilikuwa imetundikwa ukutani, na redio yake ilikuwa inaimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyowahi kuimba.

"Betri zako ni nzuri sana, fundi," akaniambia. "Sikiliza."

Basi ndivyo nilivyokuwa siku niliyokaa kwenye kizingiti cha Somoe: fundi ambaye tayari alikuwa amechekwa, ila hajachekwa vya kutosha.

Bi Zuhura aliporudi alinisalimia bila kunitazama usoni, akafungua kufuli, akanikaribisha. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono iliyopasuka. Nilipouona mlango kwa upande wa ndani nilisahau nilichokuja kusema. Kwenye ubao wa mninga, kuanzia usawa wa kiuno mpaka usawa wa bega, kulikuwa na mfereji mwembamba, laini kama uliopigwa msasa. Kucha za mtu mmoja, miaka na miaka. Mimi ni seremala. Najua mninga unavyokataa kulika.

Aliona ninachotazama. Akaniambia kwamba majirani wanamsema, na kwamba ana haki ya kusemwa. Somoe alipokuwa binti mdogo aliwahi kutoka peke yake, akapatikana amekaa katikati ya barabara anasikiliza lori lililofunga breki mbele yake. Tangu siku hiyo, kila akienda shamba, kufuli.

"Nimemfungia mlango huu tangu kichwa chake hakifiki kwenye komeo," akasema. "Sasa nimezeeka, fundi. Siombi makubwa. Nataka siku moja anifungie yeye. Mimi niwe ndani, yeye awe nje, nisikie mlango unafungwa."

Kulikuwa na sababu ya haraka. Mwanawe mkubwa, Hamisi, alikuwa akiishi Kilambo, akivusha bidhaa kwenda na kurudi ng'ambo ya mto Ruvuma, ameoa huko huko kwenye familia yenye asili ya Msumbiji. Alikuwa ameshasema kwamba msimu wa korosho ukiisha atakuja na gari kuwachukua wote wawili. Kwake kulikuwa na nafasi, kulikuwa na mke mwema, kulikuwa na mkeka. Na Somoe angekaa kwenye mkeka huo. Bi Zuhura hakumlaumu mwanawe. Alisema tu kwamba Somoe hapa anajua kila sauti ya mtaa, na kule ataanza kuwa kipofu upya.

Mtaa wa pili kutoka nyumba ile kulikuwa na banda la kina mama wanaobangua korosho kwa pamoja. Kiongozi wao, Mama Fide, alikubali kumjaribu Somoe kwenye kumenya, yaani kuondoa ile ngozi nyembamba inayobaki baada ya ganda gumu kutoka. Kazi hiyo haihitaji macho. Inahitaji vidole na subira, na Somoe alikuwa navyo vya kugawa. Lililobaki lilikuwa aweze kuamka, kujiandaa, kutoka na kufika mwenyewe. Msimu ulikuwa umeanza. Tulikuwa na kama miezi mitatu.

Nikaanza na ubao wa siku. Ni ubao wenye vitu vilivyopangwa kwa zamu, kushoto kwenda kulia, ili mtu asiyeona na asiyesoma aguse na kujua sasa ni nini na baadaye ni nini. Kwa sehemu ya kazi nilichonga ungo mdogo wa mpingo, upana wa kiganja, na ndani yake korosho tatu ndogo ndogo. Niliupenda ungo ule. Nilimwonyesha mke wangu, nilimwonyesha jirani, nadhani nilimwonyesha na mpita njia. Somoe aliugusa, akaupindua, akaweka korosho moja mdomoni, akaitema.

Mwalimu Mchopa alikuwepo. Akaomba ashike yeye.

"Hii ni nini?"

"Ungo."

"Ungo ni hivi," akasema, akafungua mikono yake upana wote, kama anayepepeta. "Hiki ni kitu kidogo chenye ukingo. Macho ndiyo yanayojua kwamba kidogo kinafanana na kikubwa, fundi. Mkono haujui hilo. Nani amekuambia mkono unajua?"

Ungo wa mpingo uko kwangu mpaka leo, mke wangu anawekea pini. Ubao ukapata vitu vya kweli: kijiko kilekile cha uji wa Somoe, kipande cha kanga aliyojitanda, na kwa kazi, kipande cha ukingo wa ungo mkuukuu kutoka bandani kwa Mama Fide, kikiwa bado na harufu ya moshi wa korosho. Siku ya kwanza aliponusa kile kipande, alikikumbatia. Wiki ya pili alikuwa anasogea mwenyewe kutoka kijiko kwenda kanga kwenda ungo, na alipomaliza kitu alikifunika kwa kitambaa tulichoning'iniza juu yake, kwa fahari ya mtu anayefunga duka.

Njia alifundishwa na Mwalimu Mchopa. Walitembea asubuhi baada ya asubuhi, fimbo mbili zikigonga, na watu wa Magomeni wakiuliza nani kati yao anamwongoza mwenzake. Mwalimu alijibu kwamba ni yule anayejua njia, na kadiri siku zilivyokwenda alianza kumwelekezea Somoe kidole. Kutoka mlangoni, kushoto mpaka ukingo wa mtaro. Kuufuata mtaro mpaka mashine ya kusaga unga inayounguruma. Hapo kusimama, kuinua fimbo, kusikiliza bodaboda, kungoja kimya, kuvuka. Halafu michongoma mkono wa kulia, halafu pua inachukua kazi.

Alijifunza. Akiwa na Mwalimu alikwenda bila kosa. Lakini peke yake hakuweza kutoka mlangoni.

Nililiona hilo kuwa tatizo langu, kwa sababu lilikuwa tatizo la mlango. Kituoni tulikuwa na viboksi vya sauti, vya ukubwa wa kipande cha sabuni, vyenye kitufe kimoja kipana. Unarekodi maneno machache, mtu akibonyeza yanasikika. Nilikipigilia kimoja pale pale mfereji wa kucha unapoishia juu. Jambo hili nilifanya sawa, na ningependa mlikumbuke: msiweke kifaa mahali panapowapendeza ninyi, kiwekeni pale ambapo mkono wa mtu unakwenda wenyewe. Kisha nikarekodi kwa sauti yangu, Kiswahili safi cha redioni: "Somoe, sasa ni wakati wa kwenda kazini."

Asubuhi ya kwanza tulikaa kimya chumbani, mimi na Bi Zuhura. Somoe alimaliza uji, akajitanda kanga, akagusa ungo, akaenda mlangoni, akabonyeza. Sauti yangu ikatoka. Somoe akainamisha kichwa na kusimama. Akabonyeza tena. Akasimama. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, lakini sikuitilia maanani. Nusu saa. Saa nzima. Mwishowe Bi Zuhura akaenda kumkalisha chini.

Tulirudia siku nyingi. Nilipandisha sauti, nilibadilisha maneno, nilibadilisha kitufe. Hakutoka. Na mimi, vijana, nikaandika kwenye faili lake kwa mkono wangu: hawezi kuanza mwenyewe. Nimeandika mambo mengi maishani, hesabu za mbao, barua za uchumba, na hakuna sentensi ninayoionea aibu kuliko hiyo. Ni sentensi inayosafiri. Ikishafika kwenye faili, kila anayekuja anaikuta imekaa kwenye kiti.

Mwalimu Mchopa hakusoma faili. Alikwenda kukaa sakafuni kando ya mlango, asubuhi nzima, bila kusema kitu. Aliporudi kituoni alikuwa anacheka peke yake. Nilimsikia kabla hajaingia kibandani.

"Fundi, kwenye kiboksi kile mna sauti ya nani?"

"Yangu."

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na tatu."

"Na yeye thelathini na minane. Sasa sikiliza. Unamwambia atoke. Anakuambia shikamoo. Huitikii. Anabonyeza, unasema tena, anakuambia shikamoo tena. Huitikii. Ananong'ona, ndiyo maana hamsikii, amefundishwa asipayuke mbele ya mkubwa." Akafuta machozi ya kicheko. "Umemweka mlangoni mzee asiye na adabu, halafu unamlaumu binti wa watu kwa kumngoja."

Nilikaa juu ya benchi langu la randa. Nilimkumbuka Somoe nyuma ya mlango ule, siku ya kwanza kabisa, na neno lake la kwanza kwangu. Nyumba ile haikuwa na kitu, lakini ilikuwa na malezi. Bi Zuhura alimlea mwanawe asiyeona na asiyeelewa haraka kama alivyowalea wengine: humpiti mkubwa bila salamu, na huondoki mpaka umeruhusiwa kwa neno. Tulikuwa tunapima kama anaweza kutii mashine. Yeye alikuwa anaingoja mashine iwe na utu.

Tukaenda kurekodi upya, sauti ya mama. Bi Zuhura aliziba mdomo kwa kanga, akakataa, akasema sauti yake ni ya kijijini na Kimakonde kinamtokea katikati ya maneno. Nikamwambia ndiyo hasa tunayoitaka. Kiboksi kinabeba sekunde ishirini. Mara ya kwanza sekunde ziliisha yeye akiwa bado kwenye habari ya kufunika uji usiingie nzi. Mara ya pili alianza na kisomo. Mara ya tatu alikohoa kidogo, akasema kama anavyosema siku zote: "Marahaba, mwanangu. Fungua mlango, shika fimbo. Haya, nenda salama."

Asubuhi iliyofuata Somoe alifika mlangoni, akanong'ona salamu yake, akabonyeza. Kiboksi kikakohoa, kikaitikia. Somoe akafungua mlango, akashika fimbo, akatoka kama mtu ambaye amekuwa akitoka maisha yake yote. Mwalimu alimfuata hatua ishirini nyuma mpaka bandani. Hakusema neno njia nzima, na kwa Mwalimu hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Nilirudi kituoni, nikaikata ile sentensi kwenye faili kwa mistari miwili, nikaandika chini yake: anangoja kuitikiwa.

Yakawa majuma mazuri, mazuri kuliko mengi katika miaka yangu yote ya kazi. Bandani Mama Fide aligundua kwamba Somoe anatenga korosho nzima na zilizovunjika bila kukosea, na kwamba anaimba akifanya hivyo. Alilalamika tu kwamba wimbo ni mmoja. Bi Zuhura aliniita ning'oe pete za kufuli kwenye mlango. Nilizing'oa, nikaziba matundu kwa nta, na upande wa nje nikafunga kitanzi cha kamba nene, usawa wa mkono wa Somoe, ili aweze kuvuta mlango ufunge. Hilo moja hakulifanya. Alitoka na kuuacha wazi kila siku, na Bi Zuhura ndiye aliyeufunga kabla ya kwenda shamba. Mlango kwake ulikuwa kitu kinachofungwa na wengine. Kufuli mama alinipa mimi. Liko dirishani kwangu, linazuia karatasi hizi zisipeperuke.

Msimu ulipokaribia kwisha Bi Zuhura aliugua kifua, akalazwa siku mbili. Mama Fide alihamia pale nyumbani. Baadaye alinieleza kwamba Somoe alishinda na kukesha mlangoni, akibonyeza kiboksi, akimsikiliza mama yake akimtuma aende salama. Akinyamaza kidogo, anabonyeza tena. Mama Fide alimwacha, kwa sababu kilikuwa kinamtuliza. Mimi sikuwepo, na hata ningekuwepo nisingefikiria lolote. Hilo nalo ni kosa langu, na ninyi msilirudie: kifaa mnachompa mtu kwa kazi moja, yeye atakitumia kwa kazi anayoihitaji zaidi.

Bi Zuhura alirudi nyumbani akiwa dhaifu. Siku hiyo hiyo Hamisi akafika kutoka Kilambo na kirikuu cha kuazima, kigari kidogo cha mizigo. Alikuwa mwanamume mpana, mpole, mwenye mchanga wa mto kwenye viatu. Tulikaa kwenye mkeka tukazungumza. Hakupayuka. Alisema amesikia sifa za dada yake na amefurahi, lakini mama anaweza kulazwa tena, na yeye yuko mbali.

"Siku akigongwa na bodaboda, fundi, wewe utanipigia simu kuniambia nini?"

Nilimheshimu kwa swali lile. Bi Zuhura, akiwa amelala nyuma ya pazia la chumba cha ndani, akasema amwangalie kwanza, asubuhi moja tu. Hamisi alifikiri. Akakubali kwa sharti: hakuna mtu wa kusogea wala kumgusa, hakuna mtu wa kusema neno, na mama mwenyewe asiitikie chochote kutoka kitandani, kwa sababu siku nyingine hatakuwepo wa kuitikia. Akienda, gari litarudi tupu. Asipokwenda, mchana wanapakia.

Nilimwomba Mwalimu Mchopa aje. Alikataa. Alisema Somoe akisikia kikohozi chake atamngoja.

Asubuhi ikawa hivi. Mimi nilikaa kwenye kona, mkoba wangu miguuni. Hamisi alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, miguu ameinyoosha, akizungusha ufunguo wa kirikuu kwenye kidole, kling, kling. Nyuma ya pazia Bi Zuhura hakusikika hata kupumua. Mama Fide alikuwa bandani kwake, anangoja.

Somoe alikunywa uji. Akafunika kijiko. Akajitanda kanga, akaifunika nafasi yake. Akagusa ukingo wa ungo, akaunusa, akatabasamu. Akaenda mlangoni, mkono ukapanda juu ya mfereji wa kucha, ukafika kwenye kiboksi. Akanong'ona shikamoo. Akabonyeza.

Tik.

Hapakutoka kitu. Akabonyeza tena. Tik. Nilielewa papo hapo. Zile siku mbili za hospitali. Alikuwa amekimaliza kiboksi kwa kumtafuta mama yake. Betri mpya zilikuwa ndani ya mkoba, hatua nne kutoka alipo, na nilikuwa nimetoa neno langu kwamba sitasogea. Niliubana mkono wangu mmoja kwa mwingine. Hamisi alinitazama. Sikuona ushindi machoni mwake. Niliona huzuni ya mtu anayejua kwamba atapakia.

Somoe alibonyeza mara ya tatu. Tik. Akaondoa kidole. Mkono ukateremka kwenye mbao, na nikazisikia tena, kama siku ile nilipokuwa upande wa pili. Krr. Kimya. Krr.

Halafu akakohoa kidogo. Kikohozi hakikuwa chake.

"Marahaba, mwanangu," akasema Somoe, kwa sauti ya mama yake, na kile Kimakonde kikiwa kimeegemea kila neno. "Fungua mlango, shika fimbo. Haya, nenda salama."

Nyuma ya pazia kitanda kililia mara moja, kikatulia.

Somoe alifungua mlango. Mwanga ukaingia mpaka kwenye mkeka. Akaichukua fimbo pembeni, akapiga mbele yake, na fimbo ikagonga kiatu cha Hamisi.

"Kaka," akasema, "miguu."

Hamisi akaikunja miguu yake. Ufunguo ukaacha kulia kidoleni.

Somoe akavuka kizingiti, hatua moja, ya pili. Nikangoja kugonga kwa fimbo kuelekea mtaroni, lakini hakukuja. Alikuwa amesimama. Nilimwona akigeuka, mkono ukipapasa hewani, ukagusa ubao, ukateremka taratibu mpaka ukakipata kile kitanzi cha kamba ambacho hakuwahi kukishika.

Mlango ukafungwa. Ulifungwa kwa nje, kwa mkono wake, na Bi Zuhura alikuwa ndani.